Kufunga bia ya nyumbani kwenye makopo: hewa kwanza, mashine baadaye

Mtu akinijia na swali la mashine gani anunue ili aanze kufunga bia yake kwenye makopo, mimi humrudisha kwanza kwenye swali la hewa. Mashine za kufungia makopo zinauzwa, maelekezo yake yanasomeka, na baada ya saa chache yeyote mwenye mikono mizima ataweza kukalisha kifuniko juu ya kopo na kukibana. Kinachoamua kama bia hiyo itakuwa inanyweka baada ya mwezi mmoja ni hewa kiasi gani ilibaki chini ya kifuniko. Kopo haliboreshi bia hata kidogo. Linaihifadhi kama ilivyoingia, pamoja na kila kilichoingia nayo.

Hapa Colorado ninakoishi, kopo lina heshima ambayo halikuwa nayo zamani. Bia ya kwanza ya kopo kuuzwa Marekani ilikuwa ya kiwanda cha Gottfried Krueger cha Newark, New Jersey, na iliingia madukani mjini Richmond, Virginia, tarehe 24 Januari 1935, ndani ya kopo zito la chuma lililotobolewa kwa kifaa chenye ncha. Mwaka 1959 kampuni ya Coors ya mji wa Golden, hapa hapa Colorado, ikaanza kutumia kopo la alumini. Hata hivyo kwa miaka mingi wapenda bia waliamini kwamba bia ya maana ni ya chupa, na kwamba ya kopo ni ya bei rahisi na ina ladha ya bati. Mwaka 2002 kiwanda kidogo cha Oskar Blues, katika mji mdogo wa Lyons, kilianza kufunga bia yake kali ya Dale's Pale Ale kwa mashine ya mezani iliyoendeshwa kwa mkono, iliyotengenezwa na kampuni ya Cask ya Calgary, Kanada. Wenzao waliwacheka, kisha wakawafuata. Kuhusu ladha ya bati, ndani ya kila kopo kuna utando mwembamba uliopakwa kiwandani, na bia haigusani na alumini. Anayesema anasikia bati huenda anakunywa moja kwa moja kutoka kwenye kopo, na pua yake iko juu ya kifuniko; mmiminie kwenye glasi kisha umuulize tena.

Faida za kopo ni za kweli, ila si nyingi kama wauzaji wanavyodai. Kopo linazuia mwanga wote, na mwanga ni adui wa bia yenye hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu: miale ya jua huvunja viambato vya uchungu vya hopsi na kuzaa harufu mbaya ambayo Wamarekani huifananisha na ya kicheche. Chupa ya kahawia hupunguza madhara hayo, chupa ya kijani husaidia kidogo sana. Kopo pia ni jepesi, kwa kuwa kopo tupu la mililita 355 pamoja na kifuniko lina uzito wa gramu 13 hivi, wakati chupa ya ujazo huo inafikia gramu 200. Zaidi ya hapo, mshono wa kopo ukiwa mzuri haupitishi oksijeni, ilhali kizibo cha chupa huivujisha polepole kadiri miezi inavyokwenda. Kwa upande wa hasara, chupa unaiosha na kuitumia tena, kopo unalitumia mara moja tu, na ukinunua kidogokidogo utalipa karibu nusu dola kwa kila moja. Mashine yenyewe huanzia dola mia kadhaa na kupita elfu moja. Kwa anayepika bia ya kunywea sebuleni kwake, chupa au kegi, yaani pipa dogo la chuma linalohifadhi bia pamoja na gesi yake, inamtosha kabisa, na sioni sababu ya kumshawishi vinginevyo.

Nirudi kwenye hewa. Tuseme umejaza kopo la mililita 355, ukafunga, na chini ya kifuniko zikabaki mililita 10 tu za hewa ya kawaida, kiasi cha vijiko viwili vya chai. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa hiyo, yaani mililita 2 na kidogo, ambazo uzito wake unakaribia miligramu 3. Ukizigawa kwenye bia iliyomo, unapata karibu miligramu 8 kwa lita. Viwanda makini vinajitahidi kubaki chini ya miligramu 0.1 kwa lita katika kopo zima. Kwa maneno mengine, nafasi ndogo ambayo jicho halioni tatizo lolote ndani yake imeingiza oksijeni mara 80 zaidi ya inayokubalika kiwandani. Matokeo yake huonekana upesi katika bia zenye hopsi nyingi: rangi ya dhahabu inageuka kahawia, harufu ya maembe na machungwa inapotea, na mahali pake panakuja utamu uliopooza na ladha ya karatasi ya boksi iliyolowa. Bia nyeusi nzito huvumilia kidogo, lakini nayo haisalimiki.

Ndiyo maana mimi sishauri kabisa kujaza makopo kwa kumimina kutoka kwenye ndoo au kwa mpira unaoning'inia juu ya mdomo wa kopo. Bia iwe kwenye kegi, iwe imeshatiwa gesi, na iwe baridi sana, nyuzi 1 au 2 za Selsiasi. Bia baridi inaishika gesi yake. Bia yenye uvuguvugu inatoa povu lisilotawalika, na mtu anayepambana na povu hana muda wa kuangalia kitu kingine. Mimi huweka hata makopo matupu kwenye friji tangu usiku, kwa sababu kopo la joto nalo huamsha povu bia inapoligusa.

Kujaza kwenyewe kunakwenda hivi. Kwanza kopo linapulizwa gesi ya kabonidayoksaidi kutoka chini kwenda juu kwa sekunde kadhaa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini na kuisukuma hewa itoke mdomoni. Kisha mrija wa kujazia unashushwa mpaka uguse kitako cha kopo, koki inafunguliwa taratibu, na bia inapanda kutoka chini bila kurukaruka. Inapokaribia juu, unaiacha itoe povu kwa makusudi. Watu wengi hapa hukosea kwa usafi wao: wanaona povu linafurika, wanasimama, wanalifuta, wanasubiri litulie, halafu wanaweka kifuniko juu ya bia tulivu yenye nafasi tupu iliyojaa hewa. Povu hilo ndilo rafiki yako. Viputo vyake vimejaa gesi ya bia yenyewe, na likiwa limetuna juu ya mdomo wa kopo hakuna mahali pa hewa kukaa. Kifuniko kilazwe juu ya povu, kikigandamiza na kulimwaga pembeni, kisha kopo liende kwenye mashine papo hapo, kabla povu halijashuka. Mikono italowa, meza italowa, na utapoteza bia kidogo kwa kila kopo. Kegi ya lita 19 ingetoa makopo 53 kwa hesabu ya karatasi. Ukipata 48 au 50 umefanya vizuri.

Baada ya kufunga, suuza kila kopo kwa maji safi, lifute, na uliweke kwenye mizani ya jikoni. Hii ni hatua ndogo ambayo naithamini kuliko vifaa vingi vya bei kubwa. Kopo la mililita 355 lililojaa sawasawa linakaribia gramu 370 pamoja na bati lake, kutegemea uzito wa bia. Likipungua gramu 8 au 10 kuliko wenzake, hizo ndizo mililita za nafasi tupu nilizozitaja, na kopo hilo linatiwa alama ili linywewe wiki hiyo hiyo.

Sasa mashine. Zinazojulikana sana kwa wapika bia wa nyumbani ni Cannular ya kampuni ya KegLand ya Australia na zile za Oktober za Michigan, na kanuni ya kazi ni ileile ya mashine za kiwandani. Kopo tupu huja na mdomo uliokunjwa kidogo kuelekea nje. Kifuniko nacho kina ukingo uliojikunja kuelekea chini, na ndani ya mkunjo huo kuna utando wa utomvu laini, kama mpira, ambao huziba matundu madogo. Kopo linakaa juu ya kisahani kinacholinyanyua, kifuniko kinashikwa kutoka juu na kichwa cha chuma kinachoingia kwenye shimo lake, na vyote vinazunguka pamoja. Gurudumu dogo la kwanza linasogea na kuuviringisha ukingo wa kifuniko chini ya mdomo wa kopo, mpaka vinashikana kama ndoano mbili. Gurudumu la pili, ambalo umbo lake ni bapa zaidi, linakuja kuigandamiza mikunjo hiyo iwe kitu kimoja. Ukikata mshono uliokamilika utahesabu matabaka matano ya alumini: matatu ya kifuniko na mawili ya kopo.

Mashine inapofika nyumbani imeshapangwa kiwandani, na hapo ndipo watu wanapoiamini kupita kiasi. Safari ya meli na lori huilegeza. Vifuniko navyo haviko sawa: kuna aina ya B64 na aina ya CDL, zote za kipenyo kimoja, zinakaa juu ya kopo lilelile bila kulalamika, lakini kila moja inahitaji kichwa chake cha kushikia. Ukitumia kifuniko cha aina moja na kichwa cha aina nyingine, mshono utaonekana umefungwa na huenda ukavuja kesho yake au baada ya wiki mbili. Kwa hiyo kabla ya kununua vifuniko, soma kilichoandikwa kwenye boksi, na ukinunua mahali pengine, soma tena.

Njia ya kujua ukweli wa mshono ni kuuvunja. Mimi hufunga kopo la kwanza la siku likiwa na maji, kisha nalipima kabla ya kuligusa lolote lenye bia. Kwa maikromita ya mkononi, kifaa cha kupimia vitu vyembamba, napima unene wa mshono, ambao kwa makopo haya unazidi kidogo milimita 1, na urefu wake kutoka juu kwenda chini, ambao unakaribia milimita 2.5, vipimo kamili vinatolewa na aliyetengeneza kifuniko na ndivyo vya kufuatwa. Mshono ukiwa mnene kupita kipimo, gurudumu la pili halijabana vya kutosha. Ukiwa mwembamba mno, limebana hadi kuikata alumini. Napima sehemu tatu kuzunguka kopo, kwa sababu mshono unaweza kuwa mzuri upande mmoja na mlegevu upande wa pili. Halafu nakata katikati ya kifuniko, namwaga maji, na kwa koleo naung'oa mshono taratibu mpaka ndoano ya kifuniko inabaki mkononi peke yake, kama utepe mwembamba wa duara. Utepe huo husomwa kwa kidole na kwa jicho. Ukiwa laini, wenye alama ya mgandamizo iliyo sawa kote, mashine iko vizuri. Ukiwa na mawimbi na vikunjo kama pindo la nguo lililoshonwa kwa haraka, ubanaji umelegea, na vile vikunjo ndivyo vijia ambavyo gesi itatokea. Anayeona uchungu kuharibu kopo moja kila siku ya kazi atakuja kuharibu boksi zima.

Liko jambo moja ambalo ni la usalama, si la ladha tu, nalo ni bia ambayo haijamaliza kuchacha. Kopo la kawaida limetengenezwa kuhimili presha ya bar 6 hivi (bar moja inakaribia mgandamizo wa hewa kwenye usawa wa bahari). Bia yenye gesi ya kiwango cha kawaida, ikiwa kwenye nyuzi 20, inasukuma kwa karibu bar 2, kwa hiyo kuna nafasi ya kutosha. Lakini kila gramu 4 za sukari inayochachika kwa lita moja huzaa gesi ya ujazo unaolingana na ujazo wa bia yenyewe. Ukifunga bia iliyokwisha kutiwa gesi huku ikiwa na gramu 10 za sukari kwa lita pamoja na hamira hai, hamira ikizimaliza utakuwa umeongeza gesi maradufu, na kopo hilo likikaa kwenye gereji siku ya kiangazi yenye nyuzi 30 litapita kikomo chake. Kopo haliachi vipande vya kukata kama chupa, lakini linaweza kufumuka kitako au kurusha kifuniko kwa nguvu ya kuumiza jicho. Bia za matunda zinaongoza kwa vurugu hii, kwa sababu watu hupenda kuongeza rojo la matunda mwishoni ili utamu ubaki. Zenye hopsi nyingi nazo zina hila yao: hopsi zinazoongezwa baada ya bia kuchacha huwa na vimeng'enya vinavyovunja wanga uliobaki kuwa sukari, na hamira iliyokuwa imelala inaamka tena. Bia ikae siku kadhaa baada ya hopsi za mwisho, ipimwe sukari iliyobaki, ikae tena, ipimwe tena, na kipimo kisipobadilika ndipo iingie kwenye baridi.

Ndugu zangu wa Kilimanjaro huniuliza, nusu kwa utani, lini nitaifunga mbege kwenye kopo. Jibu langu ni kwamba mbege, kwa jinsi tunavyoipenda, haifungiki. Ndizi zilizochemshwa na kuachwa zichache, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi pamoja na uchungu wa magome ya msesewa, hutoa kinywaji kilicho katikati ya safari yake, kinachochemka bado wakati kinanyweka, na kesho yake kimeshabadilika. Kukifunga kwenye alumini bila kuua hamira ni kutega bomu. Kuua hamira kwa moto, kama viwanda vikubwa vinavyopitisha makopo yao kwenye maji ya nyuzi 60, kunawezekana, ila kinachobaki ni kinywaji kingine, na mzee aliyezoea kibuyu atakirudisha kwa adabu.

Wapo wanaotaka kutumia uchachaji huohuo kwa faida, yaani kufunga bia isiyo na gesi pamoja na sukari iliyopimwa, gramu 6 hivi kwa lita, ili gesi izaliwe ndani ya kopo kama inavyofanyika kwenye chupa. Inafanya kazi, na hamira hiyo hula sehemu ya oksijeni iliyobaki, jambo ambalo ni faida ya kweli. Sipendi njia hiyo kwa sababu kopo lisilo na gesi ni laini, linabonyea kwa kidole na haliwezi kupangwa juu ya jingine kwa wiki mbili za mwanzo, na pia kwa kuwa bia isiyo na gesi haitoi povu la kulaza kifuniko juu yake. Unajikuta umerudi kwenye zile mililita 10.

Kuhusu sheria, hapa Marekani Rais Jimmy Carter alisaini mwaka 1978 sheria iliyoruhusu bia ya nyumbani bila kodi ya serikali kuu: galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, galoni 200 kwa yenye watu wazima wawili au zaidi, yaani lita 757 hivi. Majimbo yalibaki na uamuzi wao, na Alabama pamoja na Mississippi hayakuruhusu mpaka mwaka 2013. Kuuza hairuhusiwi, na kopo lenye lebo nzuri halibadilishi hilo. Nalisema kwa sababu kopo humtia mtu hamu ya biashara kuliko chupa; linafanana mno na la dukani.

Mimi makopo nayatumia kwa bia inayosafiri, na hapo ndipo ninapoona yanalipa gharama yake. Posta ya Marekani haipokei bia, kwa hiyo bia ya kumpelekea ndugu husafiri ndani ya gari au ndani ya sanduku la kupakiwa kwenye ndege, na yule wa upande wa pili azingatie masharti ya forodha ya nchi yake. Huulizwa mara kwa mara kama makopo hupasuka angani. Sehemu ya mizigo ya ndege za abiria hushindiliwa hewa sawa na sehemu ya abiria, kama vile mtu yuko kwenye mwinuko usiozidi mita 2,400 hivi, na tofauti na usawa wa bahari ni robo ya bar tu. Kwa aliyeondokea Denver, mji ulio mita 1,600 juu ya bahari, tofauti ni ndogo zaidi. Mshono uliopimwa hautambui kitu hicho. Joto ndilo la kuogopwa: sanduku likiachwa kwenye buti la gari mchana wa Julai, bia ikafika nyuzi 40, presha ndani ya kopo hupanda hadi kati ya bar 3 na 4, ambayo kopo litaihimili, lakini saa chache za joto hilo huizeesha bia kama wiki nyingi za kukaa kwenye friji. Kwa hiyo makopo huingia sandukuni yakiwa ya baridi kabisa, yamefungwa katikati ya nguo, na kila moja limeandikwa tarehe ya kufungwa kwa kalamu ya wino usiofutika, kwenye kitako, ili mpokeaji aanze na la zamani.